Bomba la Gesi Chini ya Sakafu: Nani Atajua Limeanza Kuoza?

Mabomba mawili makubwa ya gesi asilia yanapita katika ardhi ya Rufiji na Kibiti. La kwanza lilianza kazi mwaka 2004. Linatoka kisiwani Songo Songo, linapita chini ya bahari kwa takriban kilomita 25 hadi Somanga Fungu, kisha linashika nchi kavu kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo, Dar es Salaam, likiwa na upana wa inchi 16. La pili lilizinduliwa Oktoba 2015. Hilo lina upana wa inchi 36, na linatoka Madimba, Mtwara, hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Yote mawili yanauvuka Mto Rufiji. Mkazi wa Umwe, pale Ikwiriri, anayelima au kujenga karibu na mkuza huona vibao vya onyo na nguzo fupi zilizosimikwa ardhini. Bomba lenyewe halioni.

Mabomba hayo yana wahandisi, bajeti na ratiba ya ukaguzi. Makala hii inahusu mabomba madogo yasiyo na kitu chochote kati ya hivyo: ya nusu inchi, robo tatu au inchi moja, yanayotoka kwenye mitungi iliyopangwa nje ya jengo, au kwenye mita ya gesi asilia, na kwenda kwenye jiko. Safari yao ni ya mita chache tu, lakini mara nyingi katikati ya njia kuna sakafu ya zege.

Suala hili limekuwa la karibu kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya hapo serikali ilikwisha kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Shule za bweni, vituo vya afya, magereza na kambi zimeanza kuweka majiko makubwa ya gesi. Mkuranga, wilaya inayopakana na Kibiti kwa upande wa kaskazini, Wakala wa Nishati Vijijini na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) wamepeleka mradi wa kuziunganisha nyumba na gesi asilia moja kwa moja. Kila jiko jipya la taasisi linamleta fundi anayepaswa kuamua jambo moja kabla zege halijamwagwa: bomba lipite ukutani, au lipite chini?

Kulipitisha chini kunavutia. Njia inakuwa fupi, ukuta unabaki safi, vigae vinapangwa bila kukatwa, na hakuna kitu cha kuwakwaza wapishi. Gharama yake huonekana miaka mingi baadaye, na mara nyingi huonekana kwa ghafla. Bomba kubwa la mkuzani halidumu kwa sababu chuma chake ni bora kuliko cha dukani. Linadumu kwa sababu lina kinga zaidi ya moja, na kwa sababu kuna mtu anayezipima kinga hizo kila mwaka. Bomba la chini ya sakafu linaweza kupewa kinga nzuri siku ya kwanza. Linachokosa ni uwezo wa mtu yeyote kujua kama kinga hiyo bado ipo.

Chuma huliwaje ardhini

Kutu ya ardhini ni kazi ya umeme mdogo sana. Chuma kikiwa kwenye udongo wenye unyevu, sehemu moja ya bomba hutoa mkondo wa umeme kwenda ardhini na sehemu nyingine huupokea. Sehemu inayoutoa ndiyo inayoyeyuka. Mkondo wa ampia 1 ukitoka kwenye chuma kwa mwaka mzima huondoka na takriban kilo 9 za chuma. Ardhini mikondo huwa midogo mno kuliko huo, lakini bomba la nusu inchi la kawaida lina unene wa takriban milimita 2.6 tu. Ili kulitoboa tundu la upana wa milimita 5, chuma kinachotakiwa kupotea hakifiki hata nusu gramu. Sehemu ya kumi ya miliampia, ikijikusanya mahali pamoja, inaweza kuimaliza kazi hiyo kwa miezi isiyotimia sita.

Maneno "ikijikusanya mahali pamoja" ndiyo ya kuangaliwa. Kutu inayoenea sawasawa juu ya bomba zima huchukua miaka mingi kabla ya kuleta madhara. Kutu inayochimba tundu moja haisubiri. Ndiyo maana fundi aliyefukua bomba na kukuta sehemu kubwa yake ingali inang'aa hana sababu ya kutulia: huenda mkondo wote umekuwa ukitokea kwenye kovu moja upande wa chini ambao hakuutazama.

Udongo nao hutofautiana. Mchanga mkavu unaopitisha maji haraka ni mpole kwa chuma. Mfinyanzi mweusi wa mabondeni hushika maji, hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na katika kuvimba huko huukwangua mkanda uliozungushiwa bomba. Bomba moja likipita kwenye mchanga na kisha kwenye mfinyanzi, tofauti ya hewa kati ya udongo huo wa aina mbili inatosha kuanzisha mkondo, na sehemu iliyo kwenye mfinyanzi, yenye hewa kidogo, ndiyo inayoliwa. Hali kama hiyo hutokea kwenye ukingo wa kila jengo: chini ya sakafu udongo ni mkavu, nje ya msingi umelowa mvua inayodondoka kutoka paani.

Katika delta kuna adui mwingine. Mikoko ya Rufiji ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Tope lake jeusi, lenye harufu ya yai viza, limejaa bakteria wanaoishi pasipo hewa na wanaotumia salfati ya maji ya bahari. Taka zao ni salfaidi, na salfaidi hukishambulia chuma mahali ambapo mtu angedhani ukosefu wa hewa umeleta usalama. Kwa kata za Kibiti zilizo ndani ya delta, kama Salale, Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni, tope hilo ndilo ardhi ya kila siku. Umwe iko juu zaidi, mbali na bahari, lakini mabonde yake yanayotuama maji baada ya mafuriko yanaweza kuwafuga bakteria wa aina hiyo.

Zege ni rafiki wa masharti

Mafundi wengi huamini kwamba bomba lililofunikwa kwa zege limepata ulinzi wa kudumu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Saruji mpya ina ualikali mkali, na katika hali hiyo chuma hujijengea ngozi nyembamba isiyoonekana inayokizuia kuoza. Ndiyo sababu nondo hukaa ndani ya nguzo kwa miaka hamsini na zaidi bila kuharibika.

Sharti la kwanza ni kwamba zege lisiwe na chumvi. Mchanga uliozolewa pwani, au maji ya kisima cha maji chumvi yaliyotumika kukorogea, huingiza kloraidi, na kloraidi huitoboa ile ngozi nyembamba. Chuma kikianza kuoza ndani ya zege, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege likapasuka, maji yakapata njia ya kuingia. Sharti la pili ni kwamba zege liwe zito na lisilo na mapengo. Jamvi jembamba lililokorogwa kwa maji mengi ili limwagike kirahisi lina vinyweleo tele.

Sharti la tatu hukiukwa mara nyingi zaidi, tena bila mtu kujua. Bomba linapaswa kuwa lote ndani ya zege au lote nje yake. Likiwa nusu ndani na nusu kwenye udongo, ile ngozi inayoilinda sehemu ya ndani huigeuza kuwa mpokeaji wa mkondo, na sehemu iliyo kwenye udongo huwa mtoaji. Tofauti ya volti kati ya chuma cha ndani ya zege na chuma cha kwenye udongo wenye unyevu yaweza kufika theluthi moja ya volti au zaidi. Bomba likigusana na nondo za jamvi, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu nondo zote za jengo huungana upande wa kupokea na kile kipande kifupi cha bomba nje ya msingi hubeba mzigo wa jengo zima. Hapo, sentimita chache kutoka ukutani, ndipo mabomba mengi ya chuma hutoboka kwanza.

Mabomba ya shaba, yanayopendwa kwenye majiko ya mitungi kwa kuwa hupindika kirahisi, yana udhaifu wa namna yake. Shaba huvumilia udongo wa kawaida, lakini huchukia amonia, majivu na maji taka. Kifusi kilichochanganyika na majivu ya jikoni au taka za ujenzi si mahali pa kulaza shaba tupu. Shaba ikiungwa na chuma ardhini, chuma ndicho kinachogharimia ndoa hiyo. Fimbo ya ethi ya umeme, ambayo aghalabu hufunikwa kwa shaba, hufanya hivyo hivyo ikiunganishwa na bomba la gesi bila kiungo cha kuzuia umeme kati yao.

Bomba lililochovywa zinki, lile la maji, nalo huzikwa sana kwa gesi kwa kudhani halishiki kutu. Zinki ni kafara: huliwa ili chuma kipone. Tabaka lake ni jembamba, na katika ardhi yenye chumvi au asidi halidumu muda mrefu. Likiisha, kinachobaki ni bomba la chuma la kawaida lililozikwa bila vazi.

Kinga tatu za bomba kubwa

Bomba la mkuzani hulindwa kwa njia tatu, na kila moja ipo kwa sababu nyingine haitoshi.

Ya kwanza ni vazi. Mabomba makubwa ya siku hizi huvalishwa kiwandani tabaka za gundi maalumu na polithini, zinazokitenga chuma na udongo. Kila kiungo kilichochomelewa shambani husafishwa na kuvalishwa upya, kisha kifaa cha umeme hupitishwa juu ya bomba lote kutafuta tundu dogo kabla halijashushwa handakini. Hata hivyo hakuna vazi la kilomita mia kadhaa lisilo na kasoro. Jiwe moja la kifusi, jino moja la kijiko cha kuchimbia, na chuma kimeonekana. Kovu dogo kwenye vazi zuri ni hatari kwa sababu ile ile iliyoelezwa juu: mkondo wote hutafuta mlango huo mmoja.

Kinga ya pili inaziba pengo hilo. Mwaka 1824 Humphry Davy, mkemia wa Uingereza, aliligundulia jeshi la majini kwamba vipande vya chuma au zinki vikiunganishwa na bati la shaba la merikebu, shaba haiharibiki. Baada ya karne moja, mwaka 1928, Robert Kuhn alitumia wazo hilo kwa bomba la gesi huko New Orleans, Marekani. Kwa kutumia umeme wa nje aliligeuza bomba zima kuwa mpokeaji wa mkondo. Kipimo alichokitumia, volti 0.85 chini ya sifuri kwa kulinganisha na kipimio cha shaba na salfati ya shaba, bado ni kanuni ya msingi duniani. Palipo na bakteria wa tope jeusi wahandisi huteremka hadi volti 0.95, kwa sababu kipimo cha kawaida hakiwatoshi bakteria hao. Hii ndiyo kinga ya kathodi. Zile nguzo fupi za kando ya mkuza ni vituo vya kupimia kama kinga hiyo bado inafika.

Kinga ya tatu ni uchunguzi wa ndani. Kifaa chenye vihisi husukumwa na gesi yenyewe kutoka mwisho mmoja wa bomba hadi mwingine na kuandika unene wa chuma njiani. Uchunguzi huu una maana kubwa kwa gesi ya kusini, kwa kuwa kutu haitoki nje peke yake. Gesi inayotoka kisimani huwa na maji na kaboni dioksaidi, na viwili hivyo vikikutana huzaa asidi hafifu. Songo Songo walikwisha kuona matokeo yake: visima kadhaa vya huko vililazimika kukarabatiwa mwaka 2015 baada ya mabomba yake ya ndani kudhoofishwa na kutu. Gesi hukaushwa kiwandani kabla ya kuingia kwenye bomba la kusafirishia, kwa hiyo bomba la jikoni halina wasiwasi mkubwa wa kuoza kutoka ndani. Vita vyake viko nje.

Kwa nini kinga hizo hazihamii chini ya jiko

Swali la haki ni hili: kama mbinu hizi zinafahamika kwa karibu karne moja, kwa nini zisitumike kwenye bomba la mita sita chini ya jiko la shule?

Vazi linawezekana. Kuna mabomba ya chuma na ya shaba yanayouzwa yakiwa yamevalishwa plastiki kiwandani, na kuna mkanda wa kuzungushia maungio. Tatizo ni kazi yenyewe. Mkanda unaozungushiwa bomba lenye vumbi au mafuta haushiki. Mkanda uliozungushwa bila kupishana hubakiza mapengo. Wamwaga zege hutembea juu ya bomba kwa mabuti, huburuta toroli, husukuma nondo. Rangi ya mafuta, inayopakwa na wengi kwa nia njema, si vazi la ardhini: hukwanguka kabla bomba halijafukiwa.

Kinga ya kathodi ni ngumu zaidi. Kipande cha magnesiamu kikizikwa nje ya jengo na kuunganishwa na bomba, mkondo wake unapaswa kulifikia bomba kupitia udongo. Chini ya jengo kuna nondo, fimbo ya ethi na mabomba ya maji, na vyote hivyo huunywa mkondo kabla haujafika. Bomba likiwa ndani ya bomba jingine la chuma, au likiwa limeachiwa nafasi yenye hewa, mkondo haufiki kabisa. Nje ya jengo, kwa kipande cha chuma kilichotengwa kwa viungo vya kuzuia umeme, mbinu hii ni nzuri. Chini ya jamvi ni matumaini.

Uchunguzi ndio usiowezekana kabisa. Hakuna kifaa cha kusukumwa ndani ya bomba la nusu inchi lenye kona nne. Hakuna nguzo ya kupimia katikati ya jiko. Kinachobaki ni kipimo cha shinikizo: kufunga valvu, kutazama geji, kusubiri. Kipimo hicho husema kama bomba limetoboka. Hakisemi kama litatoboka mwezi ujao.

Harufu nayo haitoshi kuwa mlinzi. Gesi asilia na gesi ya mitungi hazina harufu kali kwa asili. Hutiwa kemikali inayonuka ili uvujaji ujulikane. Gesi ikipenya kwenye udongo, hasa mfinyanzi, udongo huweza kuinyonya kemikali hiyo, na gesi ikatokea upande wa pili ikiwa haina onyo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili. Ikivuja chini ya sakafu hujaza mashimo, mifereji na kifusi kilicholegea, na ikikusanyika humo inahitaji kufika asilimia 2 tu ya hewa ili ilipuke ikiguswa na cheche.

Funzo kutoka kwingine

Desemba 1999, katika mji wa Larkhall, Scotland, nyumba moja ililipuka alfajiri na kuua familia ya watu wanne. Bomba la gesi lililopita karibu nayo, lililotandazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilikuwa limeoza na kutoboka. Gesi haikutoka juu ya ardhi. Ilifuata udongo ikaingia kwenye nafasi iliyo chini ya sakafu na kukusanyika humo. Mwaka 2005 kampuni ya Transco ilitozwa faini ya pauni milioni 15. Mahakama iliona kwamba hitilafu ya chuma haikuwa kosa pekee. Kumbukumbu za kampuni kuhusu mabomba yake zilikuwa na makosa, na uamuzi wa kubadilisha mabomba ya aina hiyo ulichelewa. Uingereza ilikuwa imekwisha kuanza, mwaka 2002, mpango wa miaka 30 wa kuondoa mabomba yote ya chuma cha kusubu yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye majengo na kuweka ya polithini.

Guadalajara, Mexico, Aprili 1992, kisa kilikuwa cha mafuta ya petroli, lakini chanzo kingeweza kutokea kwenye kiwanja chochote. Bomba la maji lililopakwa zinki liliwekwa karibu mno na bomba la chuma la mafuta. Metali mbili tofauti, udongo wenye unyevu, na tundu likachimbika. Mafuta yaliingia kwenye mfereji wa maji taka, na milipuko iliyofuata iliua zaidi ya watu 200.

Kaohsiung, Taiwan, usiku wa Julai 31, 2014, bomba la gesi ya viwandani lililotandazwa kupitia ndani ya mfereji wa zege wa maji ya mvua lililipuka na kuua watu 32. Lilipopita kwenye udongo lilikuwa na kinga ya kathodi. Ndani ya mfereji, likining'inia kwenye hewa yenye unyevunyevu, kinga hiyo haikuwa na njia ya kulifikia, vazi lilikwisha kuharibika, na hakuna aliyekuwa akilikagua.

Majirani zetu wa Kenya nao hawajasalimika. Mwaka 2015 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililowekwa mwaka 1978, lilivuja Thange, kaunti ya Makueni, na kuchafua mto ulioyategemeza mashamba na mifugo. Wanakijiji waliona mafuta kwenye maji kabla tatizo halijajulikana mahali pengine.

Visa hivi vinatofautiana kwa nchi, kwa gesi na kwa ukubwa wa bomba. Vinafanana kwenye jambo moja: kila mara bomba lilikuwa limekaa mahali ambapo hakuna aliyeweza, au aliyejali, kulitazama.

Njia zilizopo, kutoka bora hadi dhaifu

Kanuni za gesi za nchi nyingi zinakubaliana kwa kiasi kikubwa, na zikiwekwa pamoja mpangilio wake huwa wazi.

Njia bora ni kutolizika bomba kabisa ndani ya jengo. Lipite nje ya ukuta hadi usawa wa jiko, liingie kwa tundu moja fupi, likiwa ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi kinachopita unene wote wa ukuta, na upande wa nje ubaki wazi ili gesi ikivuja itoke nje. Ndani lishikwe kwa vibanio, lipakwe rangi ya njano, lionekane. Linaharibu kidogo sura ya ukuta. Kutu yake ikianza, mpishi ataiona.

Pasipowezekana, mfereji uchimbwe ndani ya sakafu, wenye kuta za zege na mifuniko inayoinuka, na upenyo wa hewa mwisho wake. Mfereji huo usiwe wa maji. Jiko linalooshwa kila siku kwa ndoo litaujaza, na bomba litaoga badala ya kulindwa.

Njia ya tatu ni bomba ndani ya bomba. Bomba la gesi, lisilo na kiungo hata kimoja chini ya sakafu, linapitishwa ndani ya bomba la plastiki ngumu lenye upana wa kutosha. Mwisho wa ndani unazibwa, mwisho wa nje unaachwa wazi juu ya ardhi, ukiwa umepindishwa ili mvua isiingie. Faida yake haiishii kwenye kutenga udongo. Bomba likichakaa linavutwa na jipya kuingizwa, bila nyundo wala kuvunja vigae.

Polithini, ile plastiki ya njano au nyeusi inayotumika kusambaza gesi mitaani, haiozi. Kwa ajili hiyo ndiyo imeshika nafasi ya chuma kwenye mitandao mipya ya nyumba. Lakini kanuni nyingi haziruhusu iingie ndani ya jengo, kwa kuwa moto huiyeyusha na panya huitafuna. Mahali pake ni ardhini nje, na hubadilishwa kuwa chuma au shaba kabla ya kuvuka msingi.

Kulizika bomba moja kwa moja ndani ya zege ni njia ya mwisho. Anayelazimika kuichukua atumie bomba lililovalishwa kiwandani, kipande kizima bila maungio, lisilogusa nondo, lililofunikwa kwa zege safi pande zote na lisilotoka kwenye zege kuingia kwenye udongo. Apime shinikizo kabla ya kumwaga zege, wakati wa kumwaga na baada yake, geji ikiwa imeachwa mahali pake ili jino la koleo likitoboa bomba ijulikane papo hapo.

Umwe na bonde la maji

Ushauri wa vitabuni huandikwa kwa ardhi iliyotulia. Rufiji haijatulia. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na Mei ya mwaka huo mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga. Maji yakipanda hadi kwenye msingi na kushuka tena, kifusi chini ya jamvi hukaa upya, sakafu hupasuka, na bomba lililoshikwa imara pande zote mbili hupinda au kukatika kwenye kona. Mkanda uliolowa na kukauka mara kadhaa huachia. Hivyo, pamoja na kutu, bonde hili linaongeza sababu ya pili ya kuliweka bomba juu: sakafu yenyewe hutembea.

Kwa jengo lililokwisha kuzika bomba, la kwanza si kuvunja sakafu. Ni kupima. Valvu ya kwenye mitungi ifungwe, geji iwekwe, usomaji uandikwe na kurudiwa, hasa kila baada ya mafuriko. Povu la sabuni lipakwe kwenye kila kiungo kinachoonekana. Udongo ufukuliwe kwa mkono pale bomba linapoingia kwenye msingi, maana ndipo penye hatari kubwa. Likikutwa limeanza kuliwa, halistahili kiraka. Lisafishwe gesi, likatwe pande zote mbili, lizibwe, liachwe limekufa chini ya sakafu, na jipya lipitishwe ukutani. Kwa jiko la kawaida la taasisi, mita kumi au ishirini za bomba la juu ni gharama ndogo kuliko vigae vitakavyovunjwa.

Kwa majengo yajayo, kazi ni ya wengi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inasimamia biashara ya gesi, Shirika la Viwango linasimamia vifaa, halmashauri zinapitisha michoro ya majengo, na vyuo vya ufundi vinafundisha mabomba. Bomba la mita sita chini ya jiko la shule linaweza kupita katikati ya wote hao bila kuwa la mmoja wao. Halmashauri ndiyo iliyo karibu zaidi na kiwanja. Ikitaka kila mchoro wa jiko la taasisi uonyeshe njia ya bomba la gesi, na mhandisi wake alione bomba likiwa wazi kabla zege halijamwagwa, sehemu kubwa ya hatari hii itazuiwa kwa kalamu na safari moja ya pikipiki.

Mchoro huo utunzwe kwenye jengo, siyo kwa fundi. Mkuu wa shule atahamishwa, mkandarasi atapata kazi wilaya nyingine, na fundi atakayekuja mwaka 2034 kutoboa sakafu ili apitishe bomba la maji atahitaji kujua kilicho chini ya nyundo yake. Uonyeshe umbali wa bomba kutoka kila ukuta, kina chake, aina yake, mahali zilipo valvu, na tarehe na usomaji wa kila kipimo cha shinikizo. Ubandikwe kwenye kabati la mitungi, ndani ya plastiki, mahali ambapo mpishi wa zamu na mkaguzi wa wilaya wote wawili wataufikia bila kuomba ufunguo.